Ini kwa Sauti Nne

Mliponiaga pale ofisi ya walimu kwa keki na kitenge, mliniomba niandike machache ya busara kwa wanaobaki. Busara sina. Nina presha, nina magoti yanayolalamika nikipanda ngazi, na nina hofu moja ambayo hata kustaafu hakujaiondoa: kila ikikaribia Novemba nahesabu siku kana kwamba ni mimi ninayekwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne. Siku hizi naamka hapa nyumbani Sekei, nakumbuka kwamba sina tena mwanafunzi hata mmoja duniani, na nahesabu vilevile. Basi nitaandika kuhusu hilo. Vyeo na madaraja nayaruka. Hayo yako kwenye faili langu, na ninavyowajua watu wa masijala, faili lenyewe bado linatafutwa.

Nilianza kazi na cheti, nikapangiwa shule ya msingi upande wa Terrat. Fikiria binti wa Kichaga aliyekulia migombani, kwenye mvua na kijani kibichi, anashushwa kwenye vumbi na mbigili akiwa na gauni jeupe. Darasani nilikuta watoto ambao nyumbani kwao wanaongea Kimaa, lugha ya Wamaasai. Kiswahili walikijua cha shuleni, na changu chenye lafudhi ya Marangu kiliwachekesha sana. Kipindi changu cha kwanza kilihusu kuota kwa mbegu. Nilichora, nikaruka huku na huku, nikatoa jasho. Mwishoni nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likapaza sauti, "Ndiyo, mwalimu!" Nikatoka nje kichwa kimevimba.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Akyoo, mzee wa Kimeru, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza vipindi vya wenzake akijifanya anatafuta chaki.

"Umewauliza nini?" akasema.

"Kama wameelewa, mwalimu."

"Na wewe mama mkwe akikuuliza kama umeshiba, unamjibu nini?"

Sikuwa hata na mchumba wakati huo, lakini jibu nilikuwa nalijua. Akanirudisha ndani. Akaniambia nifute ubao, watoto wafunge madaftari, kila mmoja apewe karatasi tupu aandike mbegu inavyoota, na mimi nifunge mdomo. Karatasi zilirudi karibu zote nyeupe. Mtoto mmoja alichora mbuzi. Alikuwa mbuzi mzuri, sina budi kusema, ila hakuwa na uhusiano wowote na mbegu.

Tangu siku ile neno "mmeelewa" sijalitamka darasani. Walimu wapya, naomba mlitupe na ninyi. Mtoto anayesoma daftari mara kumi anaona maneno yanakuwa marafiki zake, anadhani anayajua. Mfunge daftari ndipo mtajua nani anajua nini. Marudio ya kweli ni kujiuliza, kukosa, kufungua daftari kuona ulipokosea, halafu kurudi tena baada ya siku kadhaa ukiwa umeanza kusahau. Ni kazi isiyopendeza. Inamfanya mtu ajione mjinga kila jioni, ndiyo maana watoto wanaikwepa, na walimu pia.

Nilikwenda kusoma zaidi, nikarudi kama mwalimu wa Baiolojia, nikahamishiwa shule ya sekondari ya kata kule juu, kwenye miteremko ya Meru, ambako madarasa yamezungukwa na kahawa na migomba na asubuhi ukungu unaingia darasani bila kubisha hodi. Huko ndiko nilikofanya kazi hadi mliponikatia keki. Zana yangu kuu ilikuwa kopo. Lilikuwa kopo la kawaida la mafuta ya kupikia, nimelisugua, nimelijaza vikaratasi nilivyokata kutoka kwenye mitihani ya miaka ya nyuma, mada zote zimechanganywa: figo, fangasi, urithi, mizizi. Mwanafunzi anaingiza mkono, anavuta, anajibu kinachotoka. Walilichukia lile kopo. Walilipa jina la kaburi.

Na nilikuta kambi. Wageni wa kazi hii wasiojua, ni hivi: mtihani ukikaribia, shule za kata huwaweka watahiniwa shuleni. Wazazi wanaleta mahindi na maharage, madawati yanasukumwa pembeni, magodoro yanatandikwa sakafuni, na watoto wanapiga msuli wa kusoma tangu alfajiri hadi macho yanafumba yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta kila mmoja ameweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi asilale. Maji ya Meru yale, yanayoshuka mlimani! Miguu ilikuwa macho, kichwa kilikuwa kimelala, na wiki ya pili nusu ya darasa wana mafua. Niliyakusanya mabeseni yote, nikayapeleka jikoni kuoshea maharage. Nikawaambia ubongo unapanga mambo yake mtu akiwa usingizini, kwa hiyo kulala nako ni kusoma. Hiyo waliielewa haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kufundisha.

Sasa nifike kwenye mwaka ulionizeesha.

Kulikuwa na binti anaitwa Gladness. Mdogo wa umbo, sauti kubwa. Alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana ya usharika wao, na kule juu kwaya si mchezo. Mtoto anajua kugawa sauti nne kabla hajajua kugawa desimali. Gladness alitaka kuwa nesi. Alikuwa ameshafeli Baiolojia kidato cha pili mara moja, akarudia mwaka, na baba yake alikuwa amesema wazi, mbele yangu, kwamba hakutakuwa na kurudia tena. Baba Gladness ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, hana ukatili wowote. Alikuwa na watoto wengine wadogo wanaosubiri zamu.

"Mwalimu," aliniambia, "akipata, aende unesi, nitashukuru. Akikosa, anakwenda Babati kwa shangazi yake akasaidie kuuza mboga gengeni. Nimeshaongea na dada. Basi."

Bila kufaulu Baiolojia hakuna chuo cha unesi kitakachomtazama mtu. Kwa hiyo mambo yote ya binti huyo yalikuwa yamening'inia kwenye somo langu. Nililijua hilo kila nilipoingia darasani.

Yeye naye aliamua kupigana kwa silaha aliyokuwa nayo. Alichukua notisi zangu za Kiingereza akazitungia nyimbo. Mada moja, wimbo mmoja. Ubeti wa kwanza maana, wa pili mahali na sehemu zake, wa tatu kazi zake, wa nne magonjwa. Akawagawia wenzake sauti. Nilipita siku moja karibu na darasa, nikasikia kidato cha nne kizima wanaimba ini kwa sauti nne, besi zinanguruma chini, mwili ukanisisimka. Mwalimu Kweka, mwalimu wetu wa taaluma, alikaribia kulia kwa furaha. Siku ya mahafali aliwasimamisha mbele ya wazazi, wakaimba mfumo wa damu. Wazazi wakapiga vigelegele, na mama mmoja akamvika Gladness kitenge shingoni. Nadhani ni mara ya kwanza katika historia moyo wa binadamu kushangiliwa hivyo, vali zake zikiwamo.

Kabla ya mahafali hayo tulikuwa tumeshafanya mtihani wa moko, ule wa majaribio, na matokeo yalikuwa hayajatoka kwa sababu karatasi zilikuwa mezani kwangu. Nikaanza kusahihisha mchana mmoja, kikombe cha chai pembeni. Swali lilikuwa rahisi: eleza kazi tatu za ini. Karatasi ya kwanza ikaniambia maana ya ini. Ikaniambia liko wapi, rangi yake, sehemu zake, ukurasa ukaisha na kazi hata moja haijafika. Karatasi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile, neno kwa neno. Nikajua wamenakiliana, na udanganyifu ni kitu ambacho kinaweza kuiangusha shule nzima. Nikaanza kuzitenga pembeni. Ndipo nikafika kwenye karatasi ya kijana mmoja mnene, mpole, anayekaa nyuma. Alikuwa ameandika: lipo upande wa kulia, upande wa kulia, upande wa kulia. Basi. Hakukuwa na neno lingine.

Nilicheka hadi Kweka akageuka kunitazama. Halafu nikaisoma tena. Vijana wa besi walikuwa wameandika besi.

Nikamwita Gladness, akaja amebeba daftari kifuani.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Weka daftari chini. Nitajie magonjwa ya ini."

Akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza, kidole kinagonga pajani. Nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Gladness, unafanya nini?"

"Naelekea, Madam."

"Unaelekea wapi?"

"Kwenye ubeti wa nne."

"Anzia hapohapo, ubeti wa nne."

Akafumbua macho, akanitazama kana kwamba nimemwambia aingie nyumbani kwa kupitia paa. "Hauanzi hivyo, Madam. Lazima nitoke mwanzo. Nikikatiza, wote unapotea."

Hapo nikaelewa ugonjwa wetu. Binti alikuwa na kila kitu kichwani, ila alikuwa nacho kwenye mstari mmoja mrefu, na mlango ulikuwa mmoja tu. Swali likiuliza la mwisho, yeye anatoka la kwanza. Mtihani haumsubiri mtu aelekee. Kwenye moko hakufika hata kwenye maswali ya insha. Alikuwa bado njiani na ini lake wakati karatasi zinakusanywa. Alipata F. Baba yake alipoiona ile F alikunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa koti.

Nilikwenda kwa Kweka kumwambia nyimbo zisimame. Tukagombana, tena kwa sauti.

"Madam Tesha, unataka kuua kitu pekee wanachokipenda?"

"Nataka waanzie katikati!"

"Wazazi wamepiga vigelegele."

"Vigelegele havisahihishwi, Kweka. Wewe unamjua msahihishaji anayeshangilia besi?"

Alikasirika, ila ni mtu wa haki, akaniachia darasa. Nikapiga marufuku nyimbo za notisi kambini. Kanisani waimbe watakavyo, kwenye Baiolojia hapana. Nikalileta kopo. Kila asubuhi baada ya uji, kila jioni kabla ya makande, mkono ndani ya kaburi.

Wengine walianza kuamka. Gladness alizama. Bila wimbo hakuwa na kitu cha kushika. Alikuwa akivuta kikaratasi, anakisoma, anakirudisha ndani ya kopo, machozi yanajaa, na wenzake wanaangalia chini. Shule za jirani zikatunga mtihani wao wa pamoja, ule tunaouita wa ujirani mwema, nikauangalia kama mtu anayesubiri kipimo cha hospitali. Kwenye moko alikuwa ameandika ukurasa na nusu ya mambo yasiyoulizwa. Kwenye ujirani mwema hakuandika karibu chochote. Nilikaa na ile karatasi nikaogopa kwelikweli. Nilikuwa nimemnyang'anya fimbo kabla hajajua kutembea, na zilikuwa zimebaki wiki chache.

Baba yake alikuja. Hakuja kwa shari. Alisimama nje ya ofisi na kofia mkononi, buti zina udongo wa shamba.

"Mwalimu, mtoto haimbi," akasema. "Hata nyumbani. Jumapili amesimama na kwaya, mdomo umefungwa. Mama yake anaogopa. Umemfanya nini?"

"Najaribu kumfaulisha, Baba Gladness."

"Na unaona atafaulu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia, "Sijui." Akatikisa kichwa taratibu, akavaa kofia, akashuka na njia ya migombani. Siku hiyo sikula.

Kilichotusaidia kilikuwa ugali, na hakikuwa na mpango wowote. Jikoni maharage yalichelewa kuiva, watoto wamekaa kwenye nyasi na sahani za ugali mtupu, wananung'unika. Mimi nikiwa na hasira za mambo yangu nikawaambia, basi tafuneni hivyohivyo, ila mtu asimeze. Tafuna tu. Kidato kizima kikakaa kimya kinatafuna kama ng'ombe wa Terrat wakati wa mchana. Baada ya muda nikauliza kuna nini mdomoni.

"Utamu, Madam," akasema Gladness, mdomo umejaa.

"Ugali una sukari?"

"Hauna." Akaendelea kutafuna, uso umekunjamana. "Mate ndiyo yameubadilisha. Ule wanga... mate yana kitu kinachoukata wanga, unakuwa sukari."

"Kinaitwaje?"

Akakitaja, kwa Kiingereza, sawasawa. Nikamtazama midomo. Haikuwa imecheza. Hakuwa ameelekea popote. Alikuwa ametoka mdomoni mwake mwenyewe moja kwa moja hadi kwenye jibu, na lile jibu kwenye nyimbo zake lilikaa ubeti wa tatu.

Kuanzia hapo niliacha kumuuliza kwa kopo peke yake. Kwanza nilimuuliza kwa vitu alivyoviona. Kwa nini majani ya kahawa yaliyo kivulini ni mapana? Ukipanda njia ya kwenu ukiwa na mzigo wa ndizi, kwa nini unahema, na hewa ile inakwenda kufanya nini? Tulitembea naye jioni ukingoni mwa shamba la shule, anajibu kwa Kiswahili kwanza, kisha anakaa chini anaandika jibu hilohilo kwa Kiingereza, daftari limefungwa. Halafu baada ya siku tatu nne namuuliza tena bila taarifa, akiwa anateka maji, akiwa amesimama foleni ya uji. Alikosa mengi. Alianza kukosa bila kulia. Hapo ndipo nikapata usingizi kidogo.

Kidogo tu. Maana siku ya kwanza ya mtihani wenyewe, somo la Uraia, likatokea jingine. Msimamizi mkuu alitoka shule ya mbali, mwanamke mkavu mwenye miwani, na katikati ya mtihani alisimama mbele ya chumba akasema, "Wewe wa dirishani, funga huo mdomo. Sitakuambia mara ya pili." Wa dirishani alikuwa Gladness. Alikuwa akivuma wimbo bila kujijua, kwa pua.

Mnajua maana yake. Anayetoa sauti kwenye chumba cha mtihani anaweza kuandikiwa taarifa kwamba anawasiliana na wenzake. Akiandikiwa, matokeo yanaweza kufutwa yote, si Baiolojia tu. Sisi walimu wa shule haturuhusiwi kusogelea chumba. Nilizipata habari watoto walipotoka. Gladness alikuja mbio.

"Madam, simsikii mtu anayeimba. Naapa sijisikii. Nikisahau kidogo tu, unakuja wenyewe. Sasa akiniandikia?"

Niliogopa kuliko yeye, lakini mwalimu hana ruhusa ya kuonyesha. Nikamwambia ashike ulimi kwa meno, taratibu, akiona mawazo yamekwama. Mwenye ulimi kwenye meno havumi. Ndiyo mbinu yote niliyokuwa nayo baada ya maisha mazima ya ualimu.

Siku ya Baiolojia nilikaa jikoni na mpishi, nikachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Kutoka pale nililiona dirisha lake kwa mbali, na askari aliyekuwa akilinda mtihani akitembea na bunduki yake mbele ya darasa, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kila msimamizi alipopita upande ule wa dirisha, mkono wangu ulisimama ndani ya sinia. Wakati mmoja aliinama pale alipokaa Gladness. Akakaa ameinama. Nikasimama. Mpishi akanishika kitenge, "Kaa, Madam, utatuletea balaa." Baadaye nilijua alikuwa anampa karatasi ya ziada.

Karatasi ya ziada! Nilipoambiwa hilo sikujua nifurahi au nilie, maana moko pia alijaza kurasa.

Walipotoka, wengine walikuja wanapiga kelele, wanalinganisha majibu, jambo nililowakataza tangu kidato cha kwanza. Gladness alitoka wa mwisho. Alikuja moja kwa moja jikoni, akasimama mbele yangu, uso umelowa machozi.

"Amekuandikia?"

"Hapana, Madam."

"Hukumaliza?"

"Nimemaliza. Ila swali la tisa... Madam, nisamehe."

"Lilikuwaje?"

Lilikuwa linauliza kwa nini mtu aliyefanya kazi juani kutwa hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa njano sana. Gladness akapangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Halikuwepo popote. Kwenye notisi halipo, kwenye wimbo wa figo halipo, kwenye kopo sijawahi kulivuta. Nimeng'ata ulimi hadi umeuma. Halafu nimemfikiria baba akirudi kutoka kuchuma kahawa. Anavyokuwa amelowa shati. Nikasema, maji yote yametoka kwenye ngozi, basi mwili unaogopa kuishiwa, figo zinayarudisha yaliyobaki, mkojo unabaki mchache na uchafu ni uleule." Akaanza kulia upya. "Nisamehe, Madam. Nimefikiria tu mwenyewe."

Mpishi aliacha kukoroga. Mimi nilikuwa na mikono yenye vumbi la maharage na sikujua niiweke wapi.

"Gladness," nikasema, "nani amekufundisha kwamba kufikiri mwenyewe ni kosa la kuombea msamaha?"

Alinitazama kwa mshangao. Hakuna utovu wa adabu wowote uliokuwemo kwenye sauti yake, aliulizwa akajibu.

"Ninyi, Madam. Ninyi walimu."

Walimu wenzangu, nimeambiwa mambo mengi na wakaguzi, na wazazi, na mkuu wa shule mmoja aliyenichukia waziwazi. Hakuna lililoingia kama hilo. Nilimkalisha kwenye gunia la mahindi, nikamwambia anisimulie jibu lake tena, polepole, na nikalisikiliza lote bila kumkatiza.

Matokeo yalipotoka mwezi wa kwanza, sikuweza kushika simu. Nilimpa mume wangu, naye hasomi bila miwani, na miwani haikuonekana, tukagombana kuhusu miwani. Mwishowe nikaangalia mwenyewe. Mtandao ulikuwa unazunguka tu, kila mtu Tanzania nzima ameingia hapohapo. Ukafunguka. Fizikia D. Kemia D. Baiolojia C. Nikarudia kusoma namba yake ya mtihani, nikihofia nimeichanganya na ya Gladness mwingine, maana kule juu wako wengi. Alikuwa ni yeye.

Baba yake alipiga kwanza. Alisema "Mwalimu," halafu akauliza chuo kinafungua lini, halafu simu ikakatika, na nadhani aliikata mwenyewe. Jioni akapiga Gladness. Nyuma yake nilisikia nyumba imejaa watu.

"Shikamoo, Madam. Nimeona."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi nimeona."

"Madam, lile swali la tisa. Unadhani walinipa alama?"

Karatasi za mtihani wa taifa hazirudi shuleni. Hakuna mwalimu anayejua mtoto wake alipewa nini kwenye swali gani, na mimi sijui hadi leo.

"Walikupa zote," nikasema.

"Umejuaje, Madam?"

"Nimefikiria tu mwenyewe."